Mtoto Mgonjwa na Foleni Ndefu: Mwongozo Kamili wa Kuomba Huduma Maalumu Kwenye Bustani za Burudani za Marekani

Ujumbe ninaoupokea kuliko mwingine wowote ni huu: "Tulikuwa na faili zima la hospitali, bado wametukatalia." Nikiuliza mzazi alisema nini alipoulizwa, jibu ni lilelile. Alitaja ugonjwa. Moyo. Selimundu. Saratani. Akanyamaza, akingoja huruma imalizie.

Huruma haimalizii. Mhudumu anayekuhoji hapimi ukubwa wa ugonjwa, na hana mamlaka ya kuupima. Anapima jambo moja tu: foleni inamfanya nini mtoto huyu. Kila hatua hapa chini inajenga jibu la swali hilo, pamoja na yale ya kufanya jibu lao likiwa hapana.

Nimeandika hasa kuhusu Walt Disney World na Universal Orlando, zote za Florida, maana maswali mengi yanahusu huko. Disneyland ya California ina utaratibu unaofanana sana na wa ndugu yake wa Florida.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo na saa yenye kupima dakika. Vitumie wiki moja kabla ya kuomba chochote.
- Barua ya daktari kwa Kiingereza, ukurasa mmoja.
- Dawa zote kwenye vifungashio vyake vya asili, zikiwa na za akiba za siku kadhaa.
- Mfuko wa kutunza ubaridi na vifuko vya jeli vinavyogandishwa upya.
- Akaunti kwenye programu ya simu ya bustani husika, yenye majina ya familia yote na tiketi zenu.
- Simu yenye kamera nzuri, na pawabenki.
- Bima ya safari inayokubali kwa maandishi maradhi ambayo mtoto tayari anayo. Bima nyingi za bei nafuu huyaruka, na gharama za hospitali za Marekani zinaweza kumfilisi mtu.
- Kigari cha mtoto au kiti cha magurudumu, hata kama nyumbani anatembea vizuri.

Kuhusu tiketi: za Disney kwa kawaida hazirudishiwi pesa. Soma masharti ya kubadili tarehe kabla hujalipa, si baada.

## Hatua ya 1: Pima foleni kwa dakika

Kwa siku saba, kila mtoto anaposimama mahali akisubiri, dukani, zahanati, popote, washa saa. Andika unachokiona kwa macho. Hisia zako ziache pembeni.

Ukurasa mmoja wa daftari letu ulikuwa hivi: "Jumamosi, saa 5 asubuhi, jua kali. Dakika ya 9 ameanza kuegemea mguu mmoja, kisha mwingine. Dakika ya 14 amekaa chini, midomo imepauka. Kivuli, maji, dakika 25 kabla hajasimama tena."

Mistari minne hiyo ilifanya kazi kuliko faili langu la kurasa sitini. Safari yetu ya kwanza, kwenye bustani ambayo sitaitaja, nililibeba faili hilo mpaka dirishani. Binti aliyekuwa zamu hakulifungua. Aliniuliza, "Akisimama, nini hutokea?" Nikasema, "Anachoka." Na watoto wote wanachoka.

Sababu. "Hawezi kusimama muda mrefu" ni maneno matupu mpaka useme dakika ngapi, na baada ya hapo nini.

Ukiwa hapo, tenganisha mzizi wa tatizo. Je, ni kusimama kwenyewe? Ni joto? Ni choo cha ghafla? Ni dawa au mlo wa kupitia mrija usiokubali kuchelewa? Ni kubanwa na watu kwa mtoto ambaye kinga yake ya mwili iko chini? Au ni kutoelewa kusubiri ni nini, kama ilivyo kwa watoto wengi wenye usonji? Kila jibu lina mlango wake, na mzazi anayegonga mlango usio wake hurudishwa hata kama shida yake ni ya kweli kabisa.

Onyo. Usiiandike siku yake mbaya kuliko zote kana kwamba ndiyo kila siku. Utaulizwa swali la pili na la tatu, na chumvi huonekana.

Umefaulu ukiweza kumaliza sentensi hii bila kutaja jina la ugonjwa: "Baada ya dakika kadhaa kwenye foleni, mwanangu hufanya hivi, na ili apate nafuu anahitaji hiki."

## Hatua ya 2: Kaa na daktari, lakini uliza maswali ya bustani

Ukimuuliza daktari, "Anaweza kusafiri?", atakujibu kuhusu ndege. Muulize kuhusu michezo yenyewe.

Vitreni vya kasi vinavyoinuka na kushuka: moyo, mifupa na mshono wa upasuaji wa karibuni vitahimili? Taa zinazomwekamweka: kifafa chake huchochewa na mwanga? Sumaku: baadhi ya vitreni husukumwa au kufungwa breki kwa sumaku zenye nguvu, na sumaku ni jambo la kujadiliwa kwa mtoto mwenye pampu ya insulini, kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, au vali ya kichwani inayorekebishwa kutoka nje. Mtungi wa oksijeni nao hauruhusiwi kwenye baadhi ya michezo, kwa hiyo uliza anaweza kukaa dakika ngapi bila huo, kama anaweza kabisa.

Maji nayo. Mwenye mrija wa mshipa mkubwa kifuani asiingie kwenye michezo ya maji bila ruhusa ya daktari, kwa hofu ya maambukizi. Na mwenye selimundu, tahadhari na maji baridi ya ghafla, maana ubaridi unaweza kuamsha maumivu. Hili nilikuwa nalijua vizuri. Mwanangu akaruka kwenye bwawa la hoteli jua likiwa limeshazama, mimi nikiwa natafuta taulo, na usiku huo hatukulala.

Barua ya daktari iwe na mambo matano: utambuzi wa ugonjwa, dawa kwa majina yake ya kitaalamu na vipimo vyake, vifaa anavyobeba, mambo ya kumwepusha, na la kufanya hali ikibadilika. Disney hawatakuomba barua hii ili kuamua ombi lako. Kazi yake iko uwanja wa ndege na hospitalini, na kwenye bustani zinazodai uthibitisho, kama utakavyoona.

Kwa viwanja vya ndege vya Marekani, dawa za maji na maziwa maalumu ya mtoto mgonjwa vinaruhusiwa kuzidi mililita 100, mradi uvitangaze kabla ya ukaguzi. Kuna pia huduma ya TSA, wakala wa Marekani unaokagua abiria viwanjani, inayoitwa TSA Cares: unapiga simu saa 72 kabla ya safari, nao hupanga msaada kwenye ukaguzi.

Umefaulu ukiwa na orodha mbili mkononi: michezo anayoruhusiwa na asiyoruhusiwa. Huenda orodha ya kwanza ikawa fupi kiasi cha kukufanya ufikirie upya kama tiketi ya siku nne inahitajika.

## Hatua ya 3: Jua mlango wako ni upi

Hapa ndipo wengi wenu mnapojikwaa.

Disney. Huduma kuu inaitwa Disability Access Service, kwa kifupi DAS. Ilianza 2013. Unachagua mchezo kwenye simu, unapewa saa ya kurudi inayolingana na urefu wa foleni wakati huo, unakwenda kukaa kivulini, kisha unarudi na kupita njia fupi. Unashika mchezo mmoja kwa wakati. Mtoto aliyesajiliwa lazima naye apande. Huwezi kumwacha na bibi yake ukatumia nafasi yake.

Mwaka 2024 Disney walibana masharti. Sasa DAS imekusudiwa watu ambao, kwa sababu ya ulemavu wa ukuaji kama usonji au hali inayofanana na huo, hawawezi kusubiri kwenye foleni ya kawaida kwa muda mrefu. Soma sentensi hiyo mara mbili. Mtoto mwenye figo mbovu anaweza kuwa mgonjwa kuliko wote waliomo bustanini siku hiyo, na akaambiwa DAS si yake. Ataelekezwa kwenye huduma nyingine, nazo nimezieleza Hatua ya 5. Mimi nauona mstari huo umechorwa vibaya. Lakini ndio uliopo, na ukiujua mapema hutalia dirishani.

Universal Orlando. Wao hutumia kadi inayotolewa na shirika la nje liitwalo IBCCES. Unajisajili mtandaoni angalau saa 48 kabla ya kufika, ukiweka picha na uthibitisho kutoka kwa mtaalamu wa afya. Kadi hudumu mwaka mmoja, na bustani za Six Flags nazo huitambua. Kadi peke yake haikupitishi popote: wahudumu wa bustani ndio wanaoamua mtoto apewe nini.

Mlango ambao wengi hawaugongi. Kama ugonjwa wa mtoto unatishia maisha yake, usianze na tiketi. Anza na mashirika ya kutimiza ndoto za watoto. Make-A-Wish, lililoanzishwa Arizona mwaka 1980, hupokea maombi kutoka kwa mzazi, daktari au mtoto mwenyewe, kwa walio kati ya miaka miwili na nusu na 18, na lina matawi nje ya Marekani. Familia nyingi zinazotumwa Florida na mashirika ya namna hii hufikia Give Kids The World Village, kijiji kilichopo Kissimmee, cha shirika lililoanzishwa 1986, ambako malazi, chakula na tiketi hutolewa bure. Hawapokei maombi ya familia moja kwa moja. Lazima shirika likupeleke. Onyo: ndoto hutolewa mara moja tu kwa mtoto, basi msiombe mwaka ambao hali yake haimruhusu kuifurahia.

Na kama Florida si lazima, fikiria Morgan's Wonderland, San Antonio, Texas. Ilifunguliwa 2010 ikiwa imejengwa tangu mwanzo kwa ajili ya watu wenye ulemavu, nao huingia bila kulipa. Bustani yake ya maji ina viti vya magurudumu vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, visivyo na betri ya kuharibiwa na maji. Hakuna anayekuhoji foleni, maana foleni zenyewe hazikupangwa kumshinda mtoto wako.

## Hatua ya 4: Simu ya video

Ombi la DAS hufanywa kwa simu ya video kabla ya safari. Piga mapema kadiri kalenda yao inavyoruhusu. Subira inaweza kuwa ndefu, na dirishani siku ya safari ni mahali pabaya pa kugundua kwamba mpango wenu umekwama. Mtoto lazima awepo. Mpe chakula kwanza, muweke karibu na mchezo anaoupenda, na chaji simu.

Jiandae kueleza kwa Kiingereza. Kama hukimudu vizuri, fanya mazoezi ya sentensi yako ya Hatua ya 1 mpaka uweze kuisema ukiwa na wasiwasi.

Tazama tofauti. Jibu la kwanza, la wengi: "Mwanangu ana usonji na kifafa, daktari amesema apewe huduma maalumu." Mhudumu hana cha kushika.

Jibu la pili: "Akizungukwa na watu, baada ya dakika saba au nane huanza kujipiga kichwani. Tukiendelea kubaki foleni, hujitupa chini na kutambaa kutoka. Akifika hapo, degedege humjia mara nyingi ndani ya saa hiyo. Kumtoa katikati ya foleni na kumrudisha hakusaidii, kwa sababu kila kurudi kunaanza upya." Mtoto ni yuleyule. Sasa mhudumu ameiona foleni, na ameona pia kwa nini njia mbadala hazifai. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika: watakupa mbadala, na unatakiwa ueleze kwa ukweli kama utafaa au hautafaa.

Wakati mwingine mtaalamu wa afya wanayefanya naye kazi huongezwa kwenye mazungumzo. Usishtuke, haina maana kwamba wanakushuku.

Onyo kali. Disney wanasema wazi kwamba atakayebainika kutoa maelezo ya uongo anaweza kufungiwa kuingia kwenye bustani zao moja kwa moja, bila kurudishiwa pesa ya tiketi. Ukikataliwa, usipige tena ukiwa na hadithi mpya. Piga tena tu kama kuna jambo la kweli ulilosahau kulisema.

Umefaulu ukiona huduma imeandikwa kwenye akaunti, pamoja na picha ya mtoto na majina ya watakaopanda naye. Hakiki majina kabla ya kukata simu. DAS huhusu mtoto na familia yake ya karibu. Haigeuki tiketi ya ukoo mzima.

## Hatua ya 5: Wakisema hapana

Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, ya 1990, inaitaka bustani ifanye marekebisho ya busara. Haisemi marekebisho gani, wala haimwahidi mtu kuruka foleni. Kwa hiyo uliza: "Kwa shida hii, mna nini?" Kisha chagua kufuatana na daftari lako.

*Shida ni kusimama.* Kiti cha magurudumu. Foleni nyingi za Disney hupitika nacho, ingawa muda wa kusubiri ni uleule. Kwa mtoto mdogo, nenda ofisi ya huduma kwa wageni uombe lebo inayofanya kigari chake kitambuliwe kama kiti cha magurudumu. Bila lebo hiyo utaambiwa ukiache nje. Vigari vya kawaida visizidi sentimita 79 kwa upana na 132 kwa urefu, na mikokoteni ya kuvuta hairuhusiwi.

*Shida ni choo, sukari kushuka, dawa au joto la ghafla.* Omba utaratibu wa kutoka kwenye foleni na kurudi. Mwambie mhudumu wa mlangoni kabla hamjaingia, siyo mtoto akiwa tayari amelowa.

*Mtoto haruhusiwi kupanda mchezo, lakini ndugu zake wanautaka.* Kuna utaratibu wa kupokezana: mtu mzima mmoja anasubiri na mtoto, mwingine anapanda, halafu wanabadilishana bila foleni kurudiwa. Hauhitaji mahojiano yoyote.

*Shida ni watu wengi.* Hapa dawa ni kalenda. Epuka likizo za shule za Marekani, fika kabla milango haijafunguliwa, pandeni kwa saa mbili tatu za mwanzo, ondokeni watu wanapoingia.

Zipo pia njia fupi za kulipia, Lightning Lane kwa Disney na Express kwa Universal. Inauma kulipia kitu ambacho ungepaswa kupewa. Hata hivyo kwa mtoto mwenye nguvu za saa tatu kwa siku, huenda ikawa nafuu kuliko kununua siku ya pili ya tiketi.

## Hatua ya 6: Dawa dhidi ya joto la Florida

Kuanzia Juni hadi Septemba joto hupita nyuzi 32 mara kwa mara, na unyevu wa hewa hulifanya lihisiwe zaidi. Mkoba ulioachwa kwenye kigari juani huwa tanuri.

Insulini inayotumika kwa kawaida huvumilia hadi nyuzi 30 hivi. Juu ya hapo huanza kupoteza nguvu bila kubadilika sura. Lakini usiibandike kwenye jeli iliyoganda, maana insulini iliyoganda ni ya kutupa. Ifunge kwa kitambaa kwanza.

Disney huruhusu mfuko wa ubaridi usiozidi sentimita 61 kwa 38 kwa 46. Barafu ya kumwaga na barafu kavu haziruhusiwi, ndiyo maana nikasema jeli. Chakula chako mwenyewe kinaruhusiwa, na kwa mtoto mwenye lishe maalumu hilo ni kubwa.

Kila bustani ya Disney ina kituo cha huduma ya kwanza chenye wauguzi. Watakuhifadhia dawa kwenye friji, watakupa kitanda mtoto alale, na mahali pa faragha pa kumlisha kwa mrija. Nendeni hapo *mkiingia*, mkiwa wazima. Jitambulisheni, wekeni dawa ya akiba, mwone njia. Kutafuta kituo kwenye ramani huku mtoto akitapika ni kazi ambayo simtakii mtu.

Onyo. Gawanya dawa mafungu mawili, watu wawili tofauti wabebe. Mkoba mmoja ukisahaulika kwenye treni ya bustani, siku haijaisha.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Panga kwa nguvu za mtoto, siyo kwa ramani. Sisi tulianza saa 3 asubuhi, tukatoka saa 6 mchana, akalala hotelini, tukarudi saa 11 jioni. Saa za katikati ndizo zenye jua la kuua, na majira ya kiangazi ndizo pia huleta ngurumo: radi ikikaribia, michezo ya nje hufungwa, na umati wote hukimbilia ndani.

Chagua michezo mitatu. Wa kwanza uwe ule ambao mtoto ameuota, siyo ulio karibu na lango. Akiishiwa nguvu saa 4, awe ameshaupata.

Kwenye kila mchezo soma kibao cha tahadhari mlangoni hata kama upo kwenye orodha ya daktari, na muulize mhudumu mkanda unabana wapi. Mkanda wa kifuani na mrija wa kifuani havipatani. Wa tumboni na mrija wa tumboni vilevile.

Mpangie kila mtu mzima kazi. Mmoja ana saa ya dawa, mwingine ana simu yenye nafasi za foleni. Kazi ya wote huwa si ya mtu.

## Hatua ya 8: Kabla hujahitaji ambulansi

Namba ya dharura ni 911. Bustanini unaweza pia kumwambia mhudumu yeyote aliye karibu, naye ataita kikosi chao. Orlando kuna hospitali za watoto, zikiwemo Arnold Palmer, Nemours na AdventHealth for Children. Kabla ya safari muulize daktari wako ipi ina bingwa wa ugonjwa wa mtoto wako, andika anwani yake, na ujue bima yako inataka upige namba gani kwanza.

Andika kadi ndogo na uiweke kwenye mfuko wa nguo ya mtoto, siyo mkobani: jina lake la kwanza, ugonjwa, dawa zinazomdhuru, namba mbili za simu. Siku ya kuingia ongeza kwa kalamu jina la hoteli na namba ya chumba, kisha ifunge kwa nailoni. Akipanda mchezo wa maji, italowa.